Laptopu Inapogomea Wi-Fi: Sheria za Zamani Ndani ya Mashine ya Msaada

Leo tuongee historia, lakini historia ya kitu kinachotusumbua kila wiki: laptopu ambayo haitaki kuingia kwenye Wi-Fi.

Mnajua mambo yanavyokuwa. Simu ya jirani inapata mtandao, laptopu yako haipati. Mmoja anasema ina virusi. Mwingine anasema kadi imeungua. Wa tatu anashauri ipelekwe sokoni kwa fundi "apige Windows upya". Fundi anapiga, anachukua hela yake, na pamoja na ile Windows ya zamani zinaondoka picha za vyeti vyako, barua ya kuomba ufadhili uliyokuwa umeiandika nusu, na nakala za karatasi za familia mlizohangaika nazo tangu mpakani. Jioni mashine inarudi safi kabisa, na Wi-Fi bado haipati. Hapa kambini kwetu nimeliona hilo zaidi ya mara moja. Mojawapo ilikuwa siku mbili kabla ya maombi ya ufadhili kufungwa, na dada yule hakutuma maombi mwaka ule.

Ninachotaka kusema ni hiki: mara nyingi mashine haiumwi, inatii. Inafuata uamuzi uliofanywa mbali na zamani, na watu waliokuwa na shida zao wenyewe. Laptopu nyingi tunazotumia zilianza maisha kwenye ofisi au shule za nchi nyingine, zikaja huku kama msaada baada ya miaka mingi, zimebeba sheria za kule na mazoea ya kule. Ukijua uamuzi gani ulifanywa lini na kwa nini, unajua pa kuangalia kabla hujampa mtu hela.

Lakini kabla hata ya kugusa laptopu kuna swali moja: wengine wanapata? Maana Wi-Fi ni kipande cha mwisho tu cha safari, kile cha kutoka kwenye ruta mpaka kwenye mashine yako. Nyuma ya ruta kuna mnara au satelaiti, na nyuma ya mnara kuna mkongo. Mpaka 2009 pwani ya Kenya na Tanzania haikuwa na mkongo wa chini ya bahari, intaneti ya nje ilipita kwenye satelaiti, na bei yake wakubwa wetu wanaikumbuka. Julai 2009 SEACOM ikaanza kazi ikigusa Mombasa na Dar es Salaam, mwaka huohuo TEAMS ikafika Mombasa kutoka Fujairah, kisha EASSy ikafuata 2010. Kampala, Kigali na Bujumbura hutegemea pia nyaya za nchi kavu zinazoshuka mpaka pwani hiyohiyo. Basi tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za ukanda huu, Tanzania na Kenya zikiwemo. Siku ile hakuna laptopu iliyokuwa na kosa. Nina uhakika kuna zilizofomatiwa hata hivyo.

Sasa tuseme wengine wanapata na wewe hupati. Twende Hawaii.

Hawaii ni visiwa, na mwishoni mwa miaka ya 1960 chuo kikuu chao kilikuwa na kompyuta kubwa upande wa Honolulu, huku watumiaji wengine wakiwa mbali. Laini za simu za kuwaunganisha zilikuwa ghali na hazikuaminika. Norman Abramson na wenzake wakaamua kutumia redio. Juni 1971 mtandao wao ulioitwa ALOHAnet ukaanza kazi. Utaratibu wake ulikuwa rahisi kiasi cha kuchekesha: kila mtu atume anapotaka, kwenye masafa yaleyale. Jibu lisiporudi, maana yake ujumbe wako umegongana na wa mwenzako. Subiri kidogo, muda wa kubahatisha tu ili msigongane tena, kisha tuma upya.

Wataalamu walipopiga hesabu, mpango wa namna hiyo ukijaa watu unafaidi kama asilimia 18 tu ya uwezo wa masafa. Kinachobaki ni migongano na ukimya. Wi-Fi ya leo imeboresha jambo hilo kwa sababu mashine husikiliza kwanza kama kuna anayeongea kabla haijatuma. Ila mzizi ni uleule: hewa moja, wasemaji wengi, na zamu za kubahatisha. Ndiyo maana ukumbini kwetu, ruta iliyotengenezwa kwa ajili ya nyumba ya watu 5 ikiwekewa watu 60, laptopu inazunguka tu, "inaunganisha, inaunganisha", halafu inakata tamaa. Kipimo chake hakihitaji fundi. Njoo saa 12 asubuhi, kaa mita 3 kutoka kwenye ruta, jaribu. Ikiingia, mashine yako ni nzima, tatizo ni msongamano au umbali.

Na kuhusu umbali, sisi tuna jambo letu: mabati. Mawimbi haya hayapiti kwenye bati, yanadunda. Ukumbi wa mabati unakuwa kama pango lenye mwangwi, ujumbe mmoja unafika mara kadhaa kwa njia tofauti na kuchanganyikana. Tatizo la mwangwi lilishughulikiwa Australia, katika taasisi ya utafiti ya CSIRO, na kundi la akina John O'Sullivan. Huyu bwana mwanzoni alikuwa akitafuta angani mawimbi ya redio ya mashimo meusi madogo yanayolipuka. Hakuyapata. Lakini hesabu alizotumia kusafisha mawimbi yaliyotawanyika zilikuja kusaidia kusafisha mwangwi ndani ya vyumba. Hataza yao ya Marekani ilitoka 1996, na kampuni kubwa za kompyuta baadaye ziliilipa CSIRO zaidi ya dola milioni 400 za Australia. Kadi za zamani sana, za kabla ya mbinu hii kuenea, zinateseka zaidi kwenye mabati. Ukiweza, kaa mahali ambapo unaiona ruta kwa macho.

Swali linalofuata ni kwa nini masafa yenyewe yamejaa hivi. Jibu liko Marekani, Mei 1985. Kwa kawaida serikali humiliki hewa. Ukitaka kurusha redio unaomba leseni ya masafa, unalipa, unasubiri. Lakini kulikuwa na vipande vya masafa ambavyo kampuni za mawasiliano hazikuvitaka, kwa sababu vilikuwa vimetengwa kwa ajili ya viwanda na vifaa kama majiko ya maikrowevu. Maikrowevu nyingi hupasha chakula kwa mawimbi ya karibu gigahezi 2.45, na kelele zake huvuja. Mhandisi mmoja wa Tume ya Mawasiliano ya Marekani, Michael Marcus, akasukuma wazo kwamba vipande hivyo viachiwe watu wote bila leseni, mradi nguvu iwe ndogo na ujumbe usambazwe kwa namna inayovumilia kelele. Wazo likapita. Yaani Wi-Fi ilijengwa kwenye kiwanja ambacho matajiri walikikataa. Sisi tunaoishi kwenye ardhi ambayo wengine hawakuitaka, nadhani tunaelewa.

Hapo nitoke nje ya mada kidogo, maana kuna picha inazunguka sana kwenye makundi yetu: mwigizaji Hedy Lamarr, eti ndiye aliyebuni Wi-Fi. Ukweli wake ni mzuri hata bila chumvi. Alizaliwa Vienna 1914, akaondoka Austria 1937 akimkimbia mume aliyekuwa mfanyabiashara wa silaha, akaishia Marekani. Mwaka 1942 yeye na mtunzi wa muziki George Antheil walipata hataza ya kuongoza torpedo kwa redio inayorukaruka kwenye masafa 88, idadi ileile ya vibonye vya piano, ili adui asiweze kuiziba. Jeshi la maji halikuitumia katika vita ile. Kiwango cha kwanza cha Wi-Fi kiliruhusu kurukaruka kwa namna hiyo kama chaguo mojawapo, lakini Wi-Fi iliyoenea baadaye ilifuata njia nyingine. Mkimbizi mwenye akili, ndiyo. Mama wa Wi-Fi, hapana, tusidanganyane.

Turudi kwenye kile kiwanja cha bure. Kila nchi ilipofungua kipande chake ilichora mipaka yake. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4, vifaa vya Marekani hutumia chaneli 1 mpaka 11. Ulaya na sehemu kubwa ya dunia ni 1 mpaka 13. Japani waliongeza ya 14. Sasa fikiria laptopu iliyonunuliwa Marekani, ikatumika shuleni huko, ikafutwa vumbi na kuletwa Kakuma, Nyarugusu au Nakivale. Kadi nyingi za zamani zilifungwa na kiwanda kufuata sheria ya nchi ya mauzo. Ruta yetu, iliyonunuliwa mjini huku, inaruhusu chaneli 12 na 13, na siku ambayo imeachiwa ijichagulie, inaweza kuhamia huko kukimbia msongamano. Siku hiyo simu zote zinaiona na laptopu ya Marekani haioni kitu, wala jina la mtandao halitokei. Kesho yake ruta imerudi kwenye chaneli 6, laptopu "imepona". Watu wanasema ni mashetani. Kumbe ni mipaka ya nchi, ileile tunayoijua, imechorwa mpaka ndani ya kadi ya Wi-Fi. Dawa yake ni kumwomba anayetunza ruta aifunge kwenye chaneli 1, 6 au 11.

Ndugu yake wa karibu ni tatizo la gigahezi 5. Ruta mpya zina masafa mawili, na pengine msimamizi amezima yale ya 2.4 akidhani ni ya kizamani. Laptopu nyingi za bei ya chini za miaka ya nyuma zilijengewa 2.4 peke yake, kwa hiyo kwao mtandao wa 5 haupo duniani. Huo si ugonjwa, na kufomati hakuongezi redio ambayo haikuwekwa kiwandani.

Wi-Fi yenyewe ilianza dukani. Kampuni ya NCR ilikuwa ikitengeneza mashine za keshia, na wateja wake walichoka kubomoa sakafu na kuvuta waya upya kila walipopanga upya duka. Wahandisi wake wa Uholanzi wakatengeneza redio ya kuunganisha mashine hizo, iliyouzwa kwa jina la WaveLAN. Lakini kila kampuni ilikuwa na redio yake isiyoelewana na ya jirani, na hapo ndipo kamati ya 802.11 ilipoanza 1990, ikiongozwa kwa miaka kumi na Vic Hayes, ambaye wengi humwita baba wa Wi-Fi. Walibishana miaka saba. Kiwango cha kwanza kilitoka 1997, chenye kasi ya megabiti 1 au 2 kwa sekunde, kisha 1999 kikaja cha megabiti 11. Mwaka huohuo kampuni ya majina ya biashara, Interbrand, ikalipwa kubuni jina "Wi-Fi", na Julai Steve Jobs akasimama jukwaani New York akapitisha duara la plastiki kuizunguka laptopu ya iBook ili watu waone haina waya. Machi 2003 Intel ikaleta Centrino, na toka hapo Wi-Fi ikawa ndani ya laptopu za kawaida badala ya kadi ya kuchomeka pembeni.

Hiyo 2003 inatuhusu sana, kwa sababu ilileta swichi. Laptopu zilipoanza kusafiri na wafanyabiashara, mashirika ya ndege hayakutaka redio zinazorusha mawimbi angani bila ruhusa. Watengenezaji wakaweka swichi ya kuzima Wi-Fi: nyingine ni kipande kidogo cha kusukuma ukingoni mwa mashine, mbele au pembeni, nyingine ni kibonye chenye picha ya mnara au ya ndege, unachobonyeza ukiwa umeshikilia kibonye cha Fn. Laptopu iliyofungwa na nyingine 40 kwenye boksi, ikasafirishwa kwa meli na lori, swichi yake inasukumwa bila mtu kujua. Sisi hatupandi ndege, lakini mashine zetu nyingi ziko kwenye hali ya ndege! Swichi hiyo haifutwi na Windows mpya, hata ukiipiga mara tatu. Kwa hiyo kabla ya lolote, izungushe laptopu pande zote na uikague kama unavyokagua tairi la baiskeli.

Tuingie kwenye maneno ya siri, ambako lawama nyingi huangukia asiyehusika. Wi-Fi ya 1999 ilikuwa na ulinzi ulioitwa WEP. Wakati ule sheria za Marekani zilibana uuzaji nje wa usimbaji wenye nguvu, kwa hiyo ufunguo wa WEP ulianza na biti 40, sawa na herufi 5 tu. Lakini hata ufunguo mrefu zaidi haukuokoa kitu. Mwaka 2001 Fluhrer, Mantin na Shamir walionyesha kasoro iliyo ndani ya mpango wenyewe, na 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, waliuvunja kwa chini ya dakika moja. Ikaja WPA 2003 kama kiraka, WPA2 2004 kama nyumba mpya, na WPA3 2018.

Kila hatua ilikuwa ya lazima, na kila hatua iliacha mashine nyuma. Laptopu ya Windows 7 haijui WPA3 kabisa. Windows 10 ilianza kuielewa 2019, na hata hapo kadi na draiva yake lazima ziikubali. Sasa shirika fulani linaleta ruta mpya, msimamizi kwa nia njema anachagua WPA3 peke yake, na kesho nusu ya laptopu zinakataa. Nyingine zinasema "neno la siri si sahihi" wakati ni sahihi herufi kwa herufi. Mtu anaanza kugombana na mwenzake aliyempa neno hilo, eti amemdanganya. Chaguo linaloruhusu WPA2 na WPA3 kwa pamoja lipo kwenye ruta nyingi, na hata kwenye hotspoti za simu mpya. Tahadhari moja: msishushe mpaka WEP ili kuokoa mashine moja. Kambini tunatuma karatasi za kesi zetu, majina ya watoto, namba za usajili. Afadhali mashine hiyo moja itumie waya.

Na kama neno la siri lilibadilishwa juzi, laptopu bado inashikilia la zamani na kulirudia kimyakimya. Iamuru isahau mtandao huo, kisha ingia upya kama mgeni.

Hapo sasa alama inaonekana, imeunganishwa, ila chini pameandikwa hakuna intaneti. Hii ndo sura ninayoiona zaidi kwenye mashine za msaada, na ina historia tamu.

Kila kompyuta mtandaoni inahitaji anwani ya namba. Mpango wa namba hizi tulionao uliandikwa 1981, na unatoa anwani kama bilioni 4.3. Wakati ule zilionekana hazitaisha. Awali mtu alikaa na daftari na kuandika: kompyuta hii ni namba fulani, ile ni namba fulani. Mwaka 1993 ukatoka utaratibu wa DHCP ambapo ruta yenyewe inagawa namba: mashine inafika, inaomba, inakopeshwa namba kwa muda, muda ukiisha namba inarudi. Baadaye zikatengwa namba za ndani, zile zinazoanza na 192.168, ili kila nyumba itumie zilezile nyuma ya ruta yake.

Zingatia neno kukopeshwa. Ruta nyingi za nyumbani hugawa namba 100 au 200 hivi, na mkopo ni saa 24. Nyumba ya watu 5 haitazimaliza maisha yake yote. Lakini ukumbi wetu? Asubuhi vijana 100 wanapita na simu, kila simu inakopa namba na kuondoka nayo. Wameshaenda nyumbani, simu ziko mifukoni, na namba bado zimeandikwa majina yao mpaka kesho. Jioni unafika na laptopu yako, unapiga hodi, hakuna namba. Andika ipconfig kwenye dirisha jeusi la amri. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, maana yake laptopu iliomba, haikujibiwa, ikajipa namba yenyewe. Namba hiyo haiwezi kwenda popote nje ya ukumbi.

Nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, hili nawaambia kwa heshima: likitokea, msinunue ruta nyingine kwanza. Ingieni kwenye ukurasa wa ruta, punguzeni muda wa mkopo uwe saa 1, na ongezeni idadi ya namba. Ni kazi ya dakika 5 na haina bajeti.

Upande wa pili ni mashine inayokumbuka kazi yake ya zamani. Laptopu iliyofanya kazi miaka mingi kwenye ofisi fulani huenda iliandikiwa anwani moja kwa mkono, au iliambiwa ipitie kwanza kwenye seva ya ofisi hiyo kabla ya kwenda mtandaoni. Ofisi ilishaihama, seva ilishazimwa, lakini mashine bado kila asubuhi inakwenda kumtafuta bosi ambaye hayupo. Fungua mipangilio ya mtandao, weka anwani iwe ya kupatikana yenyewe, zima seva ya kati yoyote utakayoikuta. Mashine ngapi zimeitwa mbovu kwa sababu ya uaminifu!

Na majina nayo yana historia yake. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 majina yote ya kompyuta za mtandao yaliandikwa kwenye faili moja, lililotunzwa California na ofisi ya Elizabeth Feinler. Ukitaka jina jipya liingie, uliwasiliana na ofisi hiyo, na kila mtu alipakua faili lile. Mtandao ulipokua haikuwezekana tena, na 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS, mfumo wa kuulizana majina kwa ngazi. Kwa hiyo kipimo chake ni rahisi: andika ping 8.8.8.8. Ikijibu kwa namba lakini tovuti hazifunguki kwa majina, njia ipo, aliyekufa ni mwuliza majina. Na kama mtandao wenu una ukurasa wa kuingilia unaodai namba ya tiketi, na ukurasa huo hautokei, fungua neverssl.com. Tovuti zenye kufuli zinakataa kugeuziwa njia, ile haina kufuli, kwa hiyo ukurasa unapata pa kutokea.

Kufuli hilo ndilo linaloleta kisa cha mwisho, na ndicho kinachonikera kuliko vyote kwa sababu dawa yake ni bei ya soda. Miaka ya katikati ya 1990 kampuni ya Netscape ilileta njia ya tovuti kuthibitisha kwamba ni yenyewe: cheti. Cheti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha, kama vitambulisho vyetu. Kwa muda mrefu ni benki na maduka tu walivitumia. Mwaka 2015 Let's Encrypt ikaanza kuvitoa bure, vya siku 90, na leo karibu kila tovuti unayoifungua ina kufuli. Laptopu inakagua cheti kwa kukilinganisha na saa yake yenyewe.

Na saa ya laptopu inaishi kwa betri ndogo, mara nyingi tofauti na ile kubwa. Mashine ikikaa bohari miaka miwili, betri hiyo inakufa. Ukiiwasha inaamka ikidhani ni Januari 2012. Wi-Fi inaingia, namba inapata, majina yanajibu, halafu kila tovuti inakataliwa: cheti chake bado hakijaanza. Mtu anaona maonyo mekundu, anasema virusi. Tazama saa kwanza! Tarehe, mwaka, na eneo la saa pia, maana mashine ya Marekani inaweza bado kuwa kwenye saa ya Chicago. Na unapoiandika, saa 2 asubuhi yetu kwake ni 8:00.

Kuna siku hata saa sahihi haikusaidia. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama cha zamani kilichokuwa kikidhamini vyeti vya Let's Encrypt kiliisha muda, na kompyuta ambazo hazikuwa zimesasishwa, zikiwemo Mac zenye mfumo wa kabla ya mwisho wa 2016, zikaanza kuzikataa tovuti zilizokuwa zikifunguka jana yake. Kwa mashine hizo jaribu Firefox, kwa sababu yenyewe hubeba orodha yake ya wadhamini na haitegemei ya kompyuta.

Betri ya saa mara nyingi ni ile ya duara kama sarafu, CR2032, inauzwa na mafundi saa. Kwenye laptopu nyingine imeshonewa waya mdogo, hiyo mwachie fundi na umwambie wazi kwamba unabadilisha betri tu, asifomati. Kama ni ya kuchomeka, zima mashine, toa betri kubwa, na upande wenye alama ya kujumlisha uutazame jinsi ulivyokaa kabla hujaitoa ya zamani.